Bi Wasiwasi na Nguzo ya Kati

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Uliye jikoni, punguza moto kidogo. Uliye kazini, mwambie bosi wako unasikiliza jambo la maana, na hutakuwa umedanganya. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyetumia maisha yake yote kuogopa. Alikuwa msanifu wa majengo. Jengo lake kubwa ni ile nyumba ya mbao ya wasanii, pale palipokuwa na kiwanda cha kupasulia magogo. Wengi wenu mmeingia ndani ya nyumba ile. Watoto wenu wamejifunza kuchora pale, na mikutano ya mtaa tumeifanyia pale.

Watu walimwita Bi Wasiwasi. Jina lake la kwenye kitambulisho hata mafundi wake hawakulijua. Mwanzoni jina hilo la utani lilimuudhi. Baadaye alilizoea kabisa, hata akipiga simu anaanza nalo mwenyewe: "Mimi Bi Wasiwasi hapa. Zile mbao mmezifunika?"

Nawaambia mapema kwamba kipindi hiki kinanitoa jasho kwenye viganja. Mvua inapiga juu ya paa la studio hivi sasa ninavyosema nanyi. Tangu nianze kuzungumza na familia yake nimekuwa mtu wa kutazama dari kila ninapoingia mahali. Fundi mitambo wangu ananicheka hapa nyuma ya kioo. Acha acheke.

Tuanze na utoto wake. Bi Wasiwasi alizaliwa katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, fundi wa vitanda na makabati. Mdogo wake, ambaye tulizungumza naye kwa simu, bado anacheka akikumbuka. "Dada yangu kabla ya kulala lazima achungulie chini ya kitanda," aliniambia. "Sisi tulidhani anaogopa mashetani. Kumbe anaangalia chaga. Anataka kujua kama kuna iliyopasuka. Kitanda chenyewe katengeneza baba yetu mzazi, na bado hamwamini!"

Baba hakukasirika. Alikuwa akimwambia binti yake, wasiwasi ndio akili. Sijui kama alijua anampandia mbegu gani.

Akasoma, akafaulu, akawa msanifu. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa shule ya chekechea, darasa moja refu la mbao. Waajiri wake walikuwa na haraka. Mbao zililetwa mbichi, bado zinatoa maji ukizikandamiza kwa ukucha. Alisema zisubiri zikauke. Akaambiwa yeye ni mgeni kwenye kazi, atulie. Akatulia. Sasa, wasikilizaji wapendwa, mbao mbichi ikikauka husinyaa. Ikisinyaa, bolti zilizokuwa zimebana zinalegea. Na paa la darasa lile likashuka lote, siku ya Jumapili, hakuna mtu ndani. Narudia: hakuna aliyeumia. Darasa lilikuwa tupu.

Mume wake ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Mtaani wote tunamwita Mwalimu, hata mkewe alimwita hivyo. Yeye anaikumbuka jioni ile. "Aliporudi kutoka kuangalia, alikaa mezani. Nikamwekea chakula. Akakitazama. Halafu akaniuliza, 'Mwalimu, kesho siku gani?' Nikamwambia Jumatatu. Akatoka mbio kwenda kutapika."

Hapo ndipo Bi Wasiwasi tunayemjua alipozaliwa hasa. Wenzake walimshauri aachane na mbao, ajenge kwa zege kama watu wengine. Alikataa. Alisema mbao haikuwa na kosa, kosa lilikuwa haraka. Lakini usiku wake, anasema Mwalimu, haukuwa tena wa kulala moja kwa moja. Alishtuka. Aliuliza maswali gizani. "Yule fundi alikaza?" "Ile mvua ya jana iliingia?" Mwalimu anajibu "Lala, mke wangu," naye anageuka upande mwingine akiwa macho.

Miaka ikapita. Wasanii wa mji wetu wakati huo walikuwa wametapakaa. Mmoja anachonga kwenye gereji ya shemeji yake. Mwingine anafinyanga vyungu bafuni, na mwenye nyumba anagonga mlango. Wakaungana, wakapewa eneo la kile kiwanda kilichofungwa, wakamfuata Bi Wasiwasi. Walitaka nyumba ya kuishi na kufanyia kazi, na walitaka iwe na ukumbi ambao jirani yeyote anaweza kuutumia. Na walitaka ya mbao.

Mwenyekiti wao alikuwa mchoraji mmoja, mtu wa maneno mengi na kofia isiyovuliwa, anayeitwa Brashi. Brashi ananiambia kwamba siku ile waliondoka kwake wakiwa wamechoka. Walikwenda kuomba nyumba, wakarudi na masharti.

Sharti la kwanza, miti itoke kwenye msitu wa kupandwa ulio karibu, na kila unaokatwa, miche ipandwe nyuma ya uwanja. Miche hiyo ndiyo itakuja kuwa nguzo za wajukuu. La pili, mbao zikae zikauke kivulini mpaka yeye aseme basi. Na alichelewa kusema basi! Watu walikaa kwenye mahema. Mvua ikaja, mvua ikaondoka, Bi Wasiwasi anapita kwenye rundo la mbao, ananusa, anagonga kwa kifundo cha kidole, anatikisa kichwa. "Tulidhani tumeajiri mtu wa kujenga nyumba," anasema Brashi. "Kumbe tumeajiri yaya wa mbao."

Sharti la tatu ndilo la kipindi chetu cha leo. Lisikilizeni vizuri. Alisema kila kipande cha nyumba ile lazima kiweze kutolewa na kubadilishwa bila kuibomoa nyumba. Kila kipande. Kwa hiyo hakutaka misumari. Mbao moja ilichongwa ulimi, nyingine ikatobolewa tundu, ulimi ukaingia kwenye tundu, na kigingi cha mti mgumu kikapigwa katikati kuzifunga. Ukitaka kuitoa, unagonga kigingi upande wa pili. Alipenda kusema, "Jino likioza, mtu haung'oi mdomo mzima."

Nyumba ikasimama. Mnaijua. Chini ukumbi, juu vyumba vya wasanii, na upenu mrefu kama ukingo wa kofia ya Brashi, ili mvua isiguse ukuta. Maranda yalikwenda kwa mfinyanzi kuwashia tanuri. Vipande vilivyobaki vilikwenda kwa wachongaji. Katikati ya ukumbi kuna safu ya nguzo, na ile ya kati ndiyo nene kuliko zote. Juu yake umelala mhimili, ile boriti kubwa inayobeba vyumba vya juu. Kila nguzo ilikaa juu ya jiwe, na kati ya mguu wa nguzo na jiwe palikuwa na vipande vidogo vya chuma, pakabaki upenyo. Mkono wa mtoto unapita. Upenyo ule ulikuwa wa hewa. Maji ya kupigia deki yakimwagika, mguu wa nguzo unakauka wenyewe. Kumbukeni upenyo huo.

Akawa anakuja kila mara kuitembelea, kama mtu anayemjulia hali mgonjwa. Anaingia, hasalimii watu kwanza, anasalimia nguzo. Ko, ko, ko. Anasikiliza. Ndipo anageuka na kusema, "Hamjambo wanangu?" Watoto wa darasa la uchoraji walimwigiza. Hata mimi nilimwigiza, siku moja kwenye mkutano wa mtaa, watu wakacheka, naye akacheka mpaka akafuta macho.

Sasa tunafika mahali pagumu.

Moyo wake ulianza kumsumbua. Akalazwa, akakaa hospitali muda mrefu. Binti yake ni muuguzi, na ndiye aliyemuuguza. Anasema mama yake kitandani alikuwa anauliza habari za nyumba ya wasanii kuliko habari za dawa. "Nikimpima presha, ananiuliza kama mifereji imesafishwa. Nikamwambia, mama, hiyo mifereji ndiyo inakupandisha presha."

Wasanii nao walimpenda. Wakasema, mama yetu akitoka hospitali akute zawadi. Na msanii atatoa zawadi gani? Atachora. Wakachora nguzo zote za ukumbi, kuanzia sakafuni mpaka juu, kwa rangi ya mafuta, tabaka juu ya tabaka. Waliwachora mafundi na watoto wa mtaa. Kwenye nguzo ya kati Brashi alimchora yeye mwenyewe, Bi Wasiwasi, kainamisha kichwa, kidole kimekunjwa, anagonga. Ile picha, wasikilizaji wapendwa, ilikuwa nzuri. Niliiona kwa macho yangu nikasisimka. Na ili kazi ipendeze, ule upenyo wa chini ya nguzo ya kati, ambao kwenye macho ya mchoraji ulikuwa kama jino lililong'oka, wakauziba kwa saruji. Safi kabisa. Wakausawazisha, wakaupaka rangi.

Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa watu waliziba, na kuziba ndiko kulikoleta balaa. Maji ya deki yakaingia kwenye mshono wa saruji. Yakaingia, yakakosa pa kutokea. Juu rangi ya mafuta, chini saruji. Mbao ikawa imevikwa koti la mvua huku maji yako ndani.

Bi Wasiwasi akatoka hospitali. Wakamshika mkono, wakamfumba macho, wakamwingiza ukumbini. Wakamfumbua. Akatazama nguzo. Akatazama chini, kwenye mguu. Akalia. Watu wote wakapiga makofi. Walidhani analia kwa furaha.

Binti yake alikuwa amemshika kiwiko. "Alinibana kidole mpaka kikauma," anasema. "Kwenye gari nikamuuliza, mama, umefurahi? Akasema, 'Wameniua kwa upendo, mwanangu. Sasa nitawaambiaje?'"

Na hakuwaambia. Yeye aliyekuwa akipiga simu kwa sababu ya turubai lililofunuka upande mmoja, safari hii alinyamaza. Kila alipotaka kusema, aliona nyuso zao siku ile. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Alinyamaza masika yote. Alichokifanya ni kwenda kugonga, mara nyingi zaidi kuliko zamani. Mwalimu anasema katika kipindi hicho mkewe alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Kisha siku moja nguzo ya kati ikajibu vibaya. Badala ya ko, ko, ikasema bu. Kama boga lililoiva kupita kiasi. Aligonga tena. Bu.

Hapo ukimya wake ukaisha. Akamwita Brashi na kumwambia mbele ya watu, "Mwanangu, nguzo imeoza. Watu watoke juu. Leo."

Mnadhani walitoka? Walicheka! Si kwa ubaya. Walikuwa wamemsikia mama huyu kwa miaka akiogopa mchwa ambao hawakuja, akiogopa moto ambao haukuwaka. Brashi aliniambia haya huku akiangalia chini. "Nilimwambia, Bi Wasiwasi, wewe hata ukiambiwa jua litachomoza kesho utauliza nani kalikagua. Kisha nikamwambia hakuna mtu atakayeikwangua ile picha. Nilisema hivyo. Ndiyo kazi yangu bora, nilisema."

Bi Wasiwasi hakubishana. Aliomba bisibisi. Akainama pale chini, penye picha ya viatu vyake mwenyewe, akaisukuma kwa kiganja. Ikazama. Haikugongwa, ilisukumwa tu, ikazama yote mpaka kwenye mpini, na alipoivuta ilitoka na maji meusi.

Hakuna aliyecheka tena. Mfinyanzi aliyekuwa anaishi chumba cha juu ya nguzo ile alikaa chini sakafuni. Jioni hiyohiyo wakahama wote. Magodoro yalitoka, vinyago vikatoka, mtambo wa kufumia ukatoka umebebwa na watu wazima wakilaumiana. Darasa la watoto likafungwa. Bi Wasiwasi akasimama mlangoni, akasema neno ambalo watu walilirudia baadaye: "Asiingie mtu humu kukaa mpaka nguzo isimame."

Kwa waliotufungulia sasa hivi: tunamkumbuka Bi Wasiwasi, msanifu wa nyumba ya mbao ya wasanii. Nguzo ya kati ilikuwa imeoza. Ilibidi itolewe.

Na hapo ndipo palipokuwa na jambo ambalo yeye peke yake alilijua. Kwa miaka yote alikuwa amewahakikishia watu kwamba kila kipande cha nyumba ile kinaweza kutolewa. Alikuwa ameona vipande vidogo vikitolewa, ubao wa sakafu, fremu ya dirisha. Nguzo ya kati haikuwahi kutolewa. Kwenye michoro yake, ukiitoa, mhimili unapaswa kujibeba na kugawa mzigo kwa nguzo za pembeni. Kwenye michoro. Alimwambia Mwalimu usiku mmoja, "Nimewaahidi watu kitu ambacho sijawahi kukiona." Mwalimu akamwambia hesabu zake alizipitia yeye mwenyewe, ziko sawa. Akajibu, "Hesabu za chekechea nazo zilikuwa sawa."

Nguzo mpya ilitoka wapi? Miche ya nyuma ya uwanja ilikuwa bado miembamba kama mikono yangu. Lakini Bi Wasiwasi, tangu ujenzi uishe, alikuwa amelaza gogo moja chini ya upenu wa nyumba yake, kwa tahadhari. Lilikuwa linakauka tu. Familia nzima imejikwaa kwenye gogo lile. "Nilikuwa namwita mume mwenzangu," anasema Mwalimu. "Mvua ikianza, anatoka kumwangalia mwenzangu kwanza kabla ya kuniuliza mimi kama nimelowa."

Siku ya kuitoa nguzo ikafika. Aliyeongoza kazi ni fundi seremala anayeitwa Kimya, na wanamwita Kimya kwa sababu hanyamazi. Siku ile alisema ya kazi tu. Walileta jeki za malori, wakaziweka kulia na kushoto kwa nguzo, wakauinua mhimili kidogo sana. Mtaa mzima ulikuwa nje ya uzio, milango ya ukumbi ikiwa wazi. Bi Wasiwasi alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, binti yake nyuma yake, kidole kwenye mshipa wa mkono wa mama. "Ulikuwa unapiga vibaya," anasema binti. "Nilitaka nimbebe nimpeleke hospitali. Akaniambia, nikiondoka nitakufa njiani, nikikaa huenda nikafa hapa, kwa hiyo tukae."

Kimya akagonga kigingi. Kikatoka. Cha pili kikang'ang'ania, kikalia kama bawaba isiyotiwa mafuta, kikatoka. Wakaiinamisha nguzo, wakailaza, na picha ya Bi Wasiwasi ikalala chali sakafuni. Sehemu ya chini iliporomoka kama mkate uliolowa. Brashi aliivua kofia yake.

Kimya akasema sasa waache jeki zibebe mpaka nguzo mpya ije. Ndivyo mtu yeyote angesema. Lakini Bi Wasiwasi akasema, "Zishusheni. Upana wa kidole tu, ziwe chini yake zikingojea. Nataka kujua."

"Mama, tumeshaitoa, ya nini tena?"

"Wasiwasi usiopimwa ni ugonjwa, fundi. Shusha."

Wakashusha. Mhimili ukashuka nazo. Vumbi likamwagika kutoka kwenye viungio, na nyumba nzima ikatoa mlio mrefu. Mimi nilikuwa kwenye uzio, nilishika mkono wa mtu nisiyemjua. Mhimili ukashuka kidogo tena. Jeki zikaendelea kwenda chini, na mhimili ukabaki. Kukawa na mwanga kati yao. Ulikuwa umebaki juu peke yake.

Watu wakataka kupiga kelele. Bi Wasiwasi akainua mkono. "Msishangilie. Ngojeni." Tukangoja. Alikaa akiutazama kwa muda ambao nisingependa kuurudia maishani. Kisha akasema, taratibu, "Umekaa." Akaomba arudishwe nyumbani.

Wasikilizaji wapendwa, nguzo mpya ilihitaji kuchongwa kwa vipimo vya ile ya zamani, na jiwe la chini lilihitaji kusafishwa saruji yote. Kazi ya siku kadhaa. Katika siku hizo Bi Wasiwasi alilala fofofo, jambo ambalo Mwalimu anasema hakuwahi kuliona tangu jioni ile ya Jumapili. Hakushtuka, hakuuliza maswali gizani. Alfajiri moja Mwalimu alimwamsha, hakuamka.

Bi Wasiwasi alifariki dunia akiwa usingizini. Nguzo ilikuwa bado haijasimama.

Siku ya mazishi ilinyesha mvua ya kutisha. Watu walikuja wengi mno. Nyumba ya marehemu ni ndogo, na kila mtu akawaza jambo moja: ukumbi. Ukumbi aliojenga mwenyewe, mkubwa, mkavu, na mhimili tumeuona kwa macho yetu ukijibeba, na jeki ziko chini. Kimya mwenyewe alisema unabeba.

Brashi alikuwa amesimama mlangoni, amelowa chapachapa. Akasema hakuna kuingia.

Mdogo wake marehemu, aliyesafiri usiku kucha, alimjia juu. "Wewe ni nani wa kutuzuia? Dada yangu amejenga jumba hili, leo msiba wake unakaa kwenye matope?"

"Mama mdogo, nisamehe," Brashi alisema. "Alisema asiingie mtu mpaka nguzo isimame. Alipotuambia mara ya kwanza nilimcheka. Leo simcheki."

Yule mama mdogo akamgeukia Mwalimu, aamue yeye. Mwalimu akatazama mlango, akatazama umati, watoto, wazee, wajawazito. Mnajua alichofanya? Alihesabu watu. Mwalimu wa hesabu. Akahesabu kwa midomo, akaacha katikati, akasema, "Tutakaa nje."

Tukakaa nje. Tulifunga maturubai kwenye miti, yakajaa maji, yakamwagika mabegani mwetu. Tulimwombea mama yule tukitetemeka kwa baridi, mbele ya nyumba kavu aliyoijenga, milango wazi, ndani hakuna mtu. Mama mdogo alinuna mwanzoni. Baadaye nilimwona kamshika Brashi mkono. Mtu aliyekuwa akipita njia siku ile lazima alidhani mtaa wetu umerukwa na akili.

Wiki iliyopita gogo lilitoka chini ya upenu, likaletwa, likasimamishwa. Mguu wake uko juu ya jiwe, upenyo uko wazi. Wasanii wamerudi vyumbani, na watoto wamerudi darasani. Hakuna rangi kwenye nguzo mpya. Ile picha ya zamani Brashi ameikata kutoka kwenye sehemu ya mti ambayo haijaoza, kamkabidhi binti wa marehemu.

Nilikwenda kumwona Mwalimu jana ili anipe neno la kufungia kipindi. Nilidhani atasema amefarijika, nyumba imepona. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu. Akaniambia hivi, nami nanukuu alivyosema: "Maisha yangu yote ya ndoa nimelala vizuri. Niliamini nina roho tulivu. Kumbe nilikuwa nalala kwa sababu kuna mtu yuko macho. Sasa mvua ikianza, naamka. Nasikiliza. Sijui hata nasikiliza nini, maana hakunifundisha, na mimi sikuuliza. Nilikuwa namwambia tu, lala, mke wangu."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tuliowahi kukaa salama chini ya mbao zake, tunampa pole Mwalimu. Tunampa pole binti yake, na mdogo wake, na wasanii wote waliobaki bila mama. Mungu awape subira, na marehemu ampumzishe pale ambapo hakuna kitu cha kukagua.

Na wewe unayenisikiliza, kila nyumba ina mtu wake. Yule anayerudi kuangalia kama gesi imezimwa. Yule anayepiga simu kuuliza kama umefika, nawe unamjibu kwa mkato. Yule tunayemwambia punguza presha, acha wasiwasi. Leo usimwambie alale. Keti naye. Muulize anaogopa nini, na ukishasikia, amka wewe ukaangalie, yeye abaki kitandani.